Utabibu kama wito wa Kikristo katika enzi ya mashine: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Bukavu

Majibu haya ni ya nani?

Ni ya wauguzi, wakunga, madaktari na wanafunzi wa ITM na ISTM (shule na vyuo vya kazi za afya) wanaofanya kazi katika vituo vya afya na hospitali za makanisa, kuanzia Kadutu na Bagira hadi Kavumu na Walungu. Wachungaji na mapadri wanaotembelea wagonjwa watakuta maswali yao pia. Hayachukui nafasi ya miongozo ya Wizara ya Afya wala maelekezo ya daktari mkuu wa zoni ya afya.

Mbona muite wito? Si kazi kama kazi nyingine?

Ni kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Anayechelewesha mshahara wa muuguzi miezi mitatu kisha akamhubiria juu ya wito, analitumia neno hilo kufunika deni.

Lakini ukishalipwa, bado kuna sehemu ya kazi ambayo hakuna anayeiona wala kuihesabu, na hapo ndipo wito unapojulikana. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), hatuambiwi alitibu wangapi. Basili wa Kaisaria, katika karne ya 4, alijenga nyumba ya wagonjwa na maskini iliyokuwa na watu wa kuwahudumia kila siku. Hapa kwetu hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, na mwaka 2018 mwanzilishi wake, daktari Denis Mukwege, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wakilisikia jina hilo hufikiria kisu cha upasuaji. Ila mwanamke aliyeshonwa fistula (tundu kati ya kibofu na uke) anabaki na mpira wa mkojo siku 7 hadi 10, au zaidi kama jeraha lilikuwa gumu. Mpira ukiziba saa nane za usiku na hakuna aliyepita kuangalia, kibofu hujaa, mshono hufumuka, na kazi yote ya daktari imepotea. Anayeokoa upasuaji ule ni muuguzi wa zamu aliyeinama chini ya kitanda na tochi, akaona mfuko haujaongezeka tangu saa mbili, akanyoosha mpira uliokuwa umejikunja chini ya paja. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu kazi za namna hiyo.

Kutegemea mashine na dawa si kukosa imani?

Mfalme Hezekia aliomba, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado nabii Isaya akaagiza andazi la tini libandikwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Msamaria alimimina mafuta na divai, kisha akalipa dinari mbili za malazi. Wakatoliki wana pia sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, inayosema wazi kwamba tabibu na dawa vyote ni vya Bwana.

Shida halisi haiko kwenye mafundisho. Iko pale mgonjwa anapoambiwa aache dawa ili kuonyesha imani. Mchungaji ajue yanayofuata. Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini, hasa mtoto au kijana, akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye kifafa akikata dawa ghafla anaweza kupata degedege isiyokatika. Anayetumia dawa za VVU akiacha, virusi hurudi kwa wingi ndani ya wiki chache. Kipimo kilichosema virusi "havionekani" kilionyesha kuwa dawa inafanya kazi, hakikusema virusi vimekwisha mwilini. Mwombee, mpake mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema, na umwambie aendelee kumeza. Anayeamini amepona aje kupimwa huku bado anameza, na daktari ndiye atakayepunguza au kuacha. Ushuhuda wa uponyaji hauharibiki kwa kusubiri majibu ya maabara.

Konsantrateri yetu ya oksijeni inawaka na inatoa hewa, lakini wagonjwa hawapati nafuu. Kwa nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linauma: huenda mashine inapuliza hewa ya kawaida. Hewa ya chumbani ina oksijeni asilimia 21. Mashine nzima inapaswa kutoa angalau asilimia 82, na ikiwa katika hali nzuri hutoa kama 93. Ukichovya mirija ya pua ndani ya glasi ya maji utaona mapovu, lakini mapovu yanathibitisha kwamba hewa inatoka tu. Asilimia 21 na asilimia 93 hutoa mapovu yaleyale. Kinachotofautisha ni kipima-oksijeni, kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye tundu la kutokea hewa. Hospitali yenye konsantrateri tano bila kipimo hicho haijui ina konsantrateri ngapi.

Ndani ya mashine kuna chembechembe za madini yanayoitwa zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni na kuachia oksijeni. Adui yake ni unyevu. Mashine ikifungiwa stoo miezi sita "isije ikaharibika", zeolaiti hunyonya unyevu, na ukiiwasha siku ya dharura inapuliza hewa tupu. Iwashe kila wiki, saa moja au mbili, hata kama wodi haina mgonjwa wa oksijeni. Kuitunza kama sahani za wageni ndiko kunakoiua.

Utaratibu wa kila siku ni huu:

1. Iweke sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye mapazia, mbali na vumbi na moshi. Mbabula (jiko la makaa), mshumaa na sigara visikaribie chini ya mita 3.
2. Ipitishe kwenye stabilizateri (kifaa cha kutuliza umeme). Kwa mashine ya lita 5, inayokula takribani wati 350, tumia ya VA 1,000 au zaidi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke; mashine nyingi hufa wakati umeme unaporudi.
3. Iwashe, ngoja dakika 10 kabla ya kuikabidhi mgonjwa.
4. Weka kiwango cha lita kwanza, mstari ukipita katikati ya mpira mdogo, ndipo uunganishe mirija kwa mgonjwa: mtoto mchanga lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, mtoto wa chini ya mwaka mmoja lita 1 hadi 2, mtoto mkubwa lita 1 hadi 4.
5. Kichujio cha sponji kioshwe kila wiki kwa maji ya sabuni, kisuuzwe, kikamuliwe, kikauke kabisa. Uwe na viwili, kimoja kikikauka kingine kifanye kazi. Wakati wa kiangazi vumbi likizidi, osha mara mbili kwa wiki. Usiiwashe bila kichujio hata dakika tano.
6. Chupa ya maji ya kulainisha hewa haihitajiki kwa viwango vidogo. Ukiitumia, weka maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotoneshwa, ubadilishe kila siku, la sivyo unampulizia mgonjwa vijidudu.

Kwa wati 350, saa 24 ni kama kilowati-saa 8.4. Anayewauzia paneli za jua awaonyeshe hesabu hiyo kwanza. Na mtungi wa akiba uwepo: mtungi wa lita 10 wenye shinikizo la bari 150 una lita 1,500 za oksijeni, yaani saa 5 kwa lita 5 kwa dakika, au saa 25 kwa lita moja. Andikeni hesabu hiyo kwa kalamu nene juu ya mtungi, ili muuguzi wa usiku asikokotoe akiwa ameshika tochi.

Mashine moja, wagonjwa wawili. Nani apewe?

Kwanza angalia kama inagawanyika. Kwa kigawanyio chenye vidhibiti vya kila mrija, mashine ya lita 5 inahudumia watoto wachanga kadhaa kwa pamoja.

Isipogawanyika, anapewa mwenye hali mbaya zaidi ambaye oksijeni ina nafasi ya kumsaidia. Si aliyefika kwanza, si shemasi, si shangazi wa mganga mkuu, si anayeweza kulipa. Waamue watu wawili, na waandike kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa) saa na sababu. Uamuzi haufungwi: kila mnapopima mnaufikiria upya. Aliyekosa hakuachwa, mketishe, tibu chanzo, piga simu kutafuta nafasi hospitali nyingine, na mtu akae naye. Hilo la mwisho huonekana dogo mpaka uwe wewe uliyelala pale.

Saturometri (kifaa cha kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu) inasoma 98 na mgonjwa anaonekana vibaya. Nimwamini nani?

Mwamini mgonjwa, halafu tafuta sababu. Kidole baridi, rangi ya kucha, mtoto anayetikisika au mwanga mkali wa jua hufanya namba irukeruke. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo 92 iangalie kwa wasiwasi. Bukavu iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hilo hushusha namba kidogo, lakini mtu mzima aliye chini ya 90 usimwambie ni milima.

Kuna hali mbili ambapo namba nzuri inadanganya kabisa. Ya kwanza ni upungufu wa damu. Mtoto wa malaria mwenye hemoglobini 4 anaweza kusoma 98, kwa sababu kifaa kinaangalia kama damu iliyopo imebeba oksijeni, hakiangalii ni kiasi gani cha damu kipo. Angalia viganja na kope za ndani, na upime hemoglobini.

Ya pili ni moshi wa makala (makaa). Usiku wa baridi mbabula huingizwa chumbani, mlango unafungwa, na gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inashika damu mahali pa oksijeni. Saturometri ya kawaida haitofautishi hizo mbili, inasoma 99. Shuku hili wanapoletwa watu wawili au watatu wa nyumba moja, wanaumwa kichwa, wanatapika, wamelegea, na mara nyingi mtu ameshasema "wamelishwa sumu" au "wamerogwa". Uliza walilala wapi na mbabula ilikuwa wapi. Weka oksijeni kwa barakoa, lita 10 hadi 15 kwa dakika, bila kujali namba. Kwa hewa ya kawaida gesi ile hupungua nusu baada ya saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni nyingi inachukua kama saa moja na nusu. Mjamzito usimruhusu mapema hata akijisikia vizuri, kwa sababu damu ya mtoto hushikilia gesi hiyo muda mrefu zaidi. Swali moja juu ya mbabula linaokoa watu, na linamwokoa pia jirani ambaye angeshtakiwa uchawi.

Tumenunua ekografi (mashine ya kupiga picha ya mtoto tumboni). Je, sasa uzazi ni salama?

Hapana, si kwa ekografi peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24, hasa kujua umri wa mimba na kama ni mapacha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala, haukuonyesha kwamba kuleta ekografi vituoni kulipunguza vifo vya akina mama na vichanga. Sababu inajulikana na kila mkunga: picha haizuii damu kutoka, wala haimfikishi mama kwenye upasuaji.

Kadiri mimba inavyokua, ndivyo tarehe inavyozidi kukosewa. Katika miezi mitatu ya kwanza kosa ni siku 5 hadi 7. Katika miezi mitatu ya mwisho linafika wiki 3. Usiibadilishe tarehe iliyopimwa mapema kwa sababu ya picha ya mwezi wa nane.

Na ekografi haioni presha. Mama aketi dakika 5, mkono uwe usawa wa moyo, mkanda uwe wa saizi yake (ule wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, kwenye mkono mnene utasoma juu). Ikifika 140/90, rudia na upime protini kwenye mkojo. Haioni kaswende wala upungufu wa damu. Mapigo ya mtoto, 110 hadi 160 kwa dakika, yanasikika kwa pembe ya Pinard isiyohitaji umeme wala fundi. Kituo kinachotoza picha ya mtoto lakini kimeishiwa vipimo vya mkojo kimepanga mambo yake kinyume. Wazazi wakiuliza ni wa kike au wa kiume, waambie kama unaona vizuri. Kama huoni, sema huoni.

Kuvezi (sanduku la kumpasha kichanga joto) au kangaroo (kumbeba kifuani)?

Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kifua cha mama kwanza. Njia hiyo ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu kuvezi hazikutosha. Utafiti wa mwaka 2021 katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kuanza mara moja baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo kwa robo kwa watoto wa chini ya kilo 1.8. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Kifua chake kigusane na kifua cha mama, miguu ikunjwe kama chura, kichwa kigeuzwe upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike. Kitenge kifungwe imara hadi chini ya sikio. Mama akisimama mtoto asiteleze. Asitolewe kabla ya dakika 60, maana kumtoa-toa kunampoza. Joto liwe 36.5 hadi 37.5. Alishwe kila saa 2 hadi 3, kwa kikombe au mrija kama hawezi kunyonya. Mama akichoka, baba afungue shati. Wapo wanaocheka, tunajua. Wakunga wakilisema kama agizo la kawaida la wodi, kicheko hakidumu.

Kuvezi ina kazi yake kwa mtoto ambaye mama yake yuko chumba cha upasuaji na hakuna ndugu wa kumbeba. Lakini umeme ukikatika usiku inageuka sanduku baridi, na tangi lake la maji lisiposafishwa ni shamba la vijidudu.

Parokia rafiki ya Ulaya au Marekani inataka kututumia mashine. Tukubali?

Jibuni kwa maswali kabla ya shukrani. Inatumia volti ngapi? Yetu ni 220 kwa hezi 50; ya Marekani ni 110 hadi 120 kwa hezi 60, na transfoma inabadilisha volti bila kubadilisha hezi. Vifaa vya kutumika na kutupwa, kama mirija, karatasi na vitendanishi, vinapatikana Bukavu au lazima viagizwe, na kwa bei gani kwa mwezi? Kitabu cha maelekezo kiko kwa Kifaransa? Nani ataitengeneza? Ombeni picha ya kibandiko cha nyuma chenye modeli na mwaka, kisha mumpe fundi aisome kabla kontena halijafungwa.

Kukataa kwa heshima si utovu wa shukrani. Andikeni: "Tunashukuru, tulicho na uhitaji nacho ni hiki," na muweke orodha. Mara nyingi kipima-oksijeni kimoja na sponji hamsini za vichujio vina faida kuliko mashine kubwa itakayokaa korido ikibeba vumbi na jina la mfadhili.

Naweza kutuma picha ya mgonjwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha madaktari?

Ushauri wa mwenzako unaweza kuokoa maisha, kwa hiyo jibu si hapana tupu. Muulize mgonjwa kwanza. Piga picha ya jeraha, usipige ya uso. Ondoa jina, namba ya fishi na kitambaa kinachotambulika. Zima mahali kwenye kamera, kwani simu huandika ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa. Mtumie daktari mmoja unayemjua, usitupie kikundi cha watu 200. Zima kuhifadhi picha moja kwa moja, maana zinaingia kwenye galeri pamoja na picha za harusi, na mtoto wako ndiye anayecheza na simu jioni. Ukishapata jibu, liandike kwenye faili, ufute picha.

Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 73, inaadhibu anayetoa siri ya kazi, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data binafsi, zikiwemo za afya.

Kwa waliobakwa tuna msimamo mkali: hakuna picha ya uso kwa ripoti, kwa mfadhili wala kwa mgeni mwenye kamera, hata akiwa na barua. Mtu aliyelala kitandani kwako, anayetegemea dawa yako, hawezi kukukatalia kwa uhuru. "Ndiyo" yake haikutoshi.

Programu za akili bandia je? Wanafunzi wanaziuliza dozi.

Wataendelea kuziuliza, basi tuwafundishe namna. Usiandike jina wala chochote kinachomtambulisha mgonjwa. Uliza kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kiswahili cha kitabibu programu hizi hukosea zaidi, hasa majina ya magonjwa. Zitumie kukumbuka ulichosahau kufikiria ("nini kingine kinaleta homa na manjano?"), usizitumie kuamua. Dozi lazima ithibitishwe kwenye mwongozo wa kitaifa na kwenye lebo ya chupa uliyoishika mkononi.

Lebo hiyo ndiyo programu isiyoiona. Chukua jentamisini kwa kichanga cha kilo 3 kilichotimiza miezi yake: mg 5 kwa kilo, yaani mg 15. Programu ikikupa mililita badala ya miligramu, imekisia ampuli ipi uliyo nayo. Ya mg 80 kwa ml 2 inahitaji ml 0.375. Ya mg 20 kwa ml 2 inahitaji ml 1.5. Ukichukua ml 1.5 kutoka ile ya kwanza umempa mara nne, na figo na masikio yake ndiyo yatakayolipa. Dai miligramu kila mara, na mililita ukokotoe mwenyewe mbele ya mwenzako.

Kwingine mashine hizi zimepata nafasi halali. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu isome picha ya kifua kuchuja kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi. Kuchuja tu, makohozi bado yanapimwa. Na sahihi iliyoko chini ya agizo la dawa ni yako, haitakuwa ya programu.

Mashine zinatutenga na wagonjwa. Tufanyeje?

Si lazima zitutenge. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 Kivu Kaskazini na Ituri, iliyogusa hata Mwenga, kwetu huku Kivu Kusini, mwaka 2019, shirika la ALIMA lilitumia chumba cha plastiki angavu kinachoitwa CUBE. Muuguzi aliingiza mikono kwenye glavu zilizoshonwa ukutani, na familia ilimwona mgonjwa wao uso kwa uso. Kabla ya hapo mtu aliingia nyuma ya uzio, akatoka kwenye mfuko, na uvumi ukajaza nafasi iliyobaki. Hapo teknolojia iliundwa kwa kuuliza ndugu wanahitaji nini.

Kwenye meza ya kawaida ya mashauri: geuza skrini ikae pembeni, msikilize mgonjwa bila kumkatiza dakika ya kwanza, ndipo uandike. Mguse kabla ya kuagiza kipimo.

Ni wakati gani wa kuomba na mgonjwa?

Muulize: "Ungependa tuombe?" Akisema hapana, au akiwa Mwislamu na hajataka, huduma isipungue hata kidogo. Usiombe naye dakika moja kabla ya kumpa karatasi ya ridhaa, isije ikaonekana ni shinikizo. Katika dharura mikono ifanye kazi na moyo uombe. Chumba cha upasuaji maombi hayachukui nafasi ya orodha ya usalama: jina, upande wa kukatwa, aleji, vitambaa kuhesabiwa kwa sauti.

Na hili wahudumu wa kiroho hawaambiwi mara nyingi: mafuta na oksijeni havipatani. Mafuta ya upako yakigusa vali au regulata ya mtungi wenye shinikizo yanaweza kuwaka yenyewe. Mpake kidogo mkononi mwa mgonjwa, si karibu na pua, kisha aliyepaka anawe kwa sabuni na asiguse mtungi. Mishumaa ibaki nje ya wodi.

Fakture (ankara) inapanda kwa sababu ya vipimo. Mkristo afanye nini?

Yule mwanamke wa Marko 5:26 alitumia vyote alivyokuwa navyo kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kabla ya kuandika kipimo, jiulize utafanya nini kikiwa chanya na nini kikiwa hasi. Majibu yakifanana, kiache. Mfano wetu wa kila siku ni Widal, kipimo cha damu cha tifoidi. Kipimo kimoja cha Widal kinaweza kuwa chanya kwa maambukizi ya zamani au kwa homa nyingine kabisa, malaria ikiwemo, na nusu ya mji inatembea na "tifoidi" isiyoisha na antibiotiki zisizoisha. Kwa homa anza na kipimo cha haraka cha malaria.

Taja bei kabla ya kipimo, si wakati wa kutoka. Waelekeze kwenye mituweli ya afya (mfuko wa bima wa wanachama) wakiwa wazima, kwa sababu kujiunga mtu akishalazwa kumechelewa. Aliyepona asizuiwe hospitalini kwa deni: anakula, anachukua kitanda, anaambukizwa, na deni linakua. Andikeni makubaliano ya kulipa kidogokidogo kwa simu, na mfuko wa jamii wa parokia ufunike kinachobaki.

Kijana wetu ameitwa kutibu lakini hapendi damu. Aende wapi?

Asome ufundi wa vifaa vya tiba. Upungufu wa mafundi hao ni mkubwa, na hakuna mahubiri yanayoutaja. Akianza, awe na multimeta, bisibisi za saizi zote, kipima-oksijeni, brashi laini, na daftari lenye ukurasa kwa kila mashine: modeli, tarehe ilipoingia, masaa iliyofanya kazi, kichujio kilioshwa lini na nani. Wiki ya kwanza apite stoo zote za hospitali, atoe kila kilichoandikwa "imekufa", akague fyuzi, waya wa umeme na kichujio kabla ya kufungua chochote. Vingi vitawaka hapohapo.